"Nilicheka Tu": Jibu kwa Mwanafunzi Aliyeuliza Utani Unaishia Wapi

SWALI

Shikamoo, mshauri. Mimi ni msichana wa sekondari na tuko marafiki sita tunaokaa pamoja darasani. Kila mapumziko huwa tunapiga soga: nani anamwangalia nani, nani alimjibu nini mwalimu, nani amenyolewa vibaya. Tunacheka sana, na tunataniana wenyewe kwa wenyewe. Muhula uliopita mmoja wetu alikosea neno alipokuwa akisoma kwa sauti mbele ya darasa, na tangu siku hiyo kosa lile likawa jina lake. Yeye mwenyewe alicheka. Muhula huu jina hilo limehamia kwenye kundi letu la ujumbe wa simu, pamoja na habari kwamba anampenda mvulana wa darasa la jirani. Sasa hakai nasi tena, na ametoka kwenye kundi. Wenzangu wanasema anajidai na hajui utani. Si mimi niliyeanzisha, mimi nilicheka tu. Je, tulimkosea? Na je, inanibidi niache umbea kabisa?

JIBU

Marahaba, binti yangu. Umeuliza maswali mawili, nami nitaanza na la pili kwa kuwa jibu lake ni fupi: huna haja ya kuacha umbea kabisa, na hata ukiamua leo kuuacha, sidhani kama utafika jioni. Binadamu huzungumza habari za binadamu wenzake. Mwaka 2019 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Megan Robbins na Alexander Karan, walichapisha uchunguzi wa watu wazima 467 waliokubali kuvaa vifaa vidogo vya kurekodi vipande vya mazungumzo yao ya kila siku. Walikadiria kwamba mtu hutumia wastani wa dakika 52 kwa siku kumzungumzia mtu ambaye hayupo. Karibu robo tatu ya mazungumzo hayo hayakuwa na sifa wala lawama ndani yake, bali zilikuwa habari tu, za aina ya fulani kahama au fulani ana mtihani kesho. Katika sehemu iliyobaki maneno mabaya yaliyazidi mazuri, na hapo ndipo pa kuangaliwa, lakini wingi wa kile tunachokiita umbea hauna sumu yoyote.

Kwa kijana wa shule, soga za namna hii zina kazi ambayo watu wazima huisahau upesi. Mnapoulizana nani alimjibu nini mwalimu, mnachotafuta hasa ni kujua kama jibu lile lilikuwa ushujaa au utovu wa adabu, na kila mmoja wenu anapata kufahamu kundi linaonaje jambo hilo bila yeye mwenyewe kulazimika kulifanya na kuona matokeo yake. Mnapocheka nywele zilizonyolewa vibaya, mnajifunza ni nini kinachochekesha na ni nani anayeweza kuchekwa akabaki na amani. Mambo haya hayafundishwi katika somo lolote la ratiba. Kwa hiyo nikikutana na mwanafunzi anayejisifu kwamba yeye hasikilizi kabisa habari za wenzake, huwa nashuku kwamba ama hana rafiki, ama hasemi kweli.

Swali lako la kwanza ndilo zito, na katika barua yako yote sehemu niliyoirudia mara nyingi ni ile unayosema kwamba hukuanzisha, ulicheka tu. Nadhani umeiandika kama utetezi. Mimi nimeisoma kama kiini cha jambo lenyewe.

Mwaka 1991 wanasosholojia wa Marekani Donna Eder na Janet Enke walichapisha uchambuzi wa mazungumzo ya wanafunzi wenye umri mdogo kidogo kuliko wako, wakifuatilia hatua kwa hatua jinsi masengenyo yanavyojengwa. Waligundua kwamba mtu wa kwanza kutoa hukumu juu ya asiyekuwepo, kwa mfano kusema kwamba fulani anajidai, hana nguvu nyingi kama tunavyodhani. Nguvu iko kwa anayefuata kuzungumza. Akiunga mkono, wengine huongeza maneno yao juu ya yale yaliyotangulia, na baada ya hapo ni nadra sana mtu kupinga, hata kama moyoni hakubaliani. Akipinga mapema, kabla hukumu haijapata mwungaji mkono, mazungumzo mara nyingi hugeuka njia. Kauli ya kwanza, kwa maneno mengine, ni pendekezo tu, na kinacholipitisha ni kura ya pili.

Sasa jiulize, kura ya pili hupigwaje miongoni mwenu? Ni mara chache sana mtu husema waziwazi, "Ninaunga mkono." Hucheka. Kicheko cha kwanza baada ya jina lile kutamkwa ndicho kilichomwambia aliyelitamka kwamba linafaa kurudiwa kesho, na ndicho kilichowaambia wengine wanne kwamba hapa pana usalama wa kucheka pia. Sikuambii haya ili nikutwike kosa la kundi zima. Nakuambia kwa sababu mtu anayeamini kwamba hakufanya lolote huamini vilevile kwamba hana la kufanya, na wewe, kama utakavyoona hapo chini, unalo.

Tuje kwenye utani wenyewe. Wenzako wanasema rafiki yenu hajui utani, nami ningependa kujua wanamaanisha utani upi, kwa maana katika barua yako kuna mambo matatu yaliyopewa jina moja: jina la dhihaka darasani, jina hilohilo kwenye simu, na habari za mvulana. Kila moja lina uzito wake.

Utani wa kweli una sehemu mbili zinazokwenda pamoja. Kuna uchokozi, yaani neno linalomgusa mtu mahali fulani, na kuna alama zinazomwonyesha kwamba uchokozi huo ni mchezo: sauti inayovutwa, jambo kutiwa chumvi kupita kiasi, tabasamu, kusukumana bega. Dacher Keltner wa Marekani na wenzake, waliochunguza utani kwa miaka mingi na kuandika mapitio makubwa ya uchunguzi huo mwaka 2001, wanasisitiza kwamba alama hizo ndizo zinazoutenganisha utani na tusi. Uchokozi ukibaki peke yake, bila alama, hakuna utani tena. Mimi ningeongeza sharti moja ambalo huwa nalitumia kuwapima vijana wanaonijia na kesi kama yenu, nalo ni kama anayetaniwa anaweza kurudisha. Wataniani wa kweli hupokezana zamu. Leo wewe ndiye uliyenyolewa vibaya, kesho ni mwenzako aliyevaa soksi zisizofanana. Je, katika ninyi sita, yupo mwingine ambaye kosa lake la darasani limekuwa jina lake la kila siku? Kama yupo mmoja tu mwenye jina la namna hiyo, na wengine watano wanalitumia, hapo hamkuwa mkitaniana. Mlikuwa mkimtania, na kupokezana kulishakoma muda mrefu kabla yeye hajaondoka.

Lakini alicheka, unasema. Ndiyo, alicheka, na huenda siku ile ya kwanza alicheka kwa dhati, kwa maana neno lililokosewa vizuri huchekesha hata aliyelikosea. Tatizo ni kwamba kicheko chake hakikuwa na njia mbadala. Mtu anayetaniwa mbele ya darasa zima ana milango miwili tu: acheke, au aonekane hajui utani, na mlango wa pili ndio huo mliomwandikia baadaye. Zaidi ya hayo, anayetania na anayetaniwa hawaoni tukio moja. Justin Kruger na wenzake walionyesha katika majaribio waliyochapisha mwaka 2006 kwamba anayetania huupima utani wake kwa nia aliyokuwa nayo moyoni, ilhali anayetaniwa, kwa kuwa haioni nia hiyo, huupima kwa maneno aliyoyasikia. Ndiyo maana kundi lenu linaweza kuapa kwa ukweli kabisa kwamba lilikuwa linamtania kwa upendo, naye akaapa kwa ukweli uleule kwamba amedhalilishwa, na pasiwe na mwongo kati yenu.

Iko tofauti pia ya mahali neno linapogusa. Nywele zilizonyolewa vibaya zitaota, na baada ya majuma machache mzaha wake utakufa wenyewe kwa kukosa ushahidi. Kusoma kwa sauti ni jambo analotakiwa kulifanya tena kesho, na keshokutwa, mbele ya watu walewale, huku akijua kwamba kila neno gumu linalokuja ukurasani linangojewa na watu watano walio tayari kucheka. Sijui kama umewahi kumwangalia usoni anapoitwa kusoma tangu jina hilo lianze. Mwangalie siku moja, bila kumkodolea macho.

Kisha jina likahamia kwenye simu, na hapo karibu kila alama ya mchezo niliyoitaja ikabaki nyuma. Mwaka 2005 Justin Kruger huyohuyo, pamoja na Nicholas Epley na wengine, walichapisha majaribio ambayo washiriki walituma jumbe, nyingine za kweli na nyingine za kejeli, wakaulizwa kama wapokeaji wataweza kuzitofautisha. Walioandika walitarajia wapokeaji wapatie asilimia 78 ya jumbe. Kwa sauti wapokeaji walipatia asilimia 73, hivyo matarajio hayakuwa mbali na ukweli, lakini kwa maandishi walipatia asilimia 56 tu, ambayo haizidi sana kubahatisha kwa kurusha sarafu. Anayeandika huisikia sauti yake mwenyewe kichwani anapoandika, na husahau kwamba msomaji hapati sauti hiyo. Vikatuni vya nyuso zinazocheka mnavyobandika mwishoni havitoshi kuziba pengo hilo, maana vilevile vinaweza kusomwa kama watu watano wanaomcheka. Ongeza kwamba ujumbe hausikiki mara moja ukapita kama neno la mapumziko. Unaweza kusomwa usiku, mtu akiwa peke yake, ukarudiwa mara kumi, na kupigwa picha na kutumwa kwa watu ambao hawakuwepo darasani siku ile.

Habari za mvulana wa darasa la jirani nazitenga na utani kabisa. Huo ni uvumi, na umemwingiza mtu wa saba ambaye si wa kundi lenu na hakuombwa ruhusa. Barua yako haisemi habari hiyo ilitoka wapi. Kama rafiki yenu alimwambia mmoja wenu kwa siri, basi siri imevunjwa, na jeraha hilo ni kubwa kuliko la jina. Kama hakumwambia mtu, basi mlijenga wenyewe kutokana na kitu kidogo, labda kuazimana daftari au kusalimiana kwa muda mrefu kidogo. Gordon Allport na Leo Postman walieleza tangu mwaka 1947 jinsi habari inavyobadilika ikipita mdomo kwa mdomo: katika majaribio yao karibu asilimia 70 ya maelezo yalipotea baada ya kusimuliwa mara tano au sita, na machache yaliyobaki yakanolewa yakawa makali kuliko yalivyokuwa mwanzoni. "Walizungumza dirishani kuhusu kazi ya hisabati, naye akacheka" hupoteza hisabati, hupoteza dirisha, kikabaki kicheko, na kutoka kwenye kicheko hadi mapenzi safari ni fupi. Najua mtu atanikumbusha kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Naiheshimu methali hiyo, lakini nimeona ikitumiwa na kila mzushi kama kibali cha kuzusha, nami sioni kwamba msichana wa sekondari anadaiwa kuthibitisha kwamba hampendi mtu.

Je, mliyoyafanya ni uonevu? Dan Olweus, mtafiti aliyeanza kuuchunguza uonevu wa shuleni katika nchi za Skandinavia miaka ya 1970, alitumia vigezo vitatu ambavyo bado vinafuatwa na wengi: nia ya kuumiza, kurudiwarudiwa, na nguvu zisizolingana kati ya wahusika. Kwa maelezo yako, nia ya kuumiza siioni. Kurudiwa kupo. Nguvu zisizolingana zipo pia, kwa kuwa watano dhidi ya mmoja si mlingano hata kama wote sita ni marafiki. Kwa hiyo sitaliita uonevu, lakini sitakuficha kwamba mmefika jirani nao, na kwamba wazee waliosema mzaha mzaha hutumbua usaha walikuwa wakiongea habari za watu wasio na nia mbaya kama ninyi. Ukitaka neno langu la wazi kwa swali lako la kwanza, ndiyo, mlimkosea.

Kuhusu tuhuma kwamba anajidai, ningewaomba wenzako waiweke kando. Catherine Sebastian na wenzake, katika uchunguzi wao wa mwaka 2010, waliwachezesha wasichana na wanawake mchezo wa kompyuta wa kurushiana mpira, ambamo ghafla mshiriki huacha kurushiwa. Hali ya moyo ya wasichana iliporomoka kuliko ya wanawake wazima, na huo ulikuwa mpira wa kwenye kioo, uliorushwa na watu wasiowajua. Anayetoka kwenye kundi la marafiki zake wa kila siku halipi gharama hiyo ili aonekane wa maana. Mara nyingi hutoka kwa sababu kubaki kumekuwa ghali zaidi.

Sasa la kufanya. Nenda kwake peke yako, ana kwa ana, mahali ambapo hakuna mtu wa darasa lenu anayeweza kuwaona na kuanza kukisia. Usiitishe kikao cha wote sita kwa nia njema ya "kusuluhisha", kwa maana kwake kitakuwa ni wale watano tena, safari hii wakiwa wamekaa mduara. Usimtumie ujumbe, kwa sababu nilizokwisha kuzieleza. Sema maneno machache, na yawe ya ulichofanya wewe: "Nilicheka walipokuita vile, na nilicheka tena kwenye kundi. Sikupaswa. Sitakuita jina hilo tena." Jihadhari na ile samahani inayoanza na "kama ulikasirika", kwa sababu inamrudishia yeye mzigo wa kuthibitisha kwamba aliumia. Usimweleze nani alianza, hata akikuuliza, maana utakuwa umeomba radhi kwa umbea kwa kuleta umbea mwingine. Wala usimuulize kama habari za mvulana ni za kweli. Najua utatamani.

Kwa wenzako wanne ushauri wangu ni tofauti, na hapa ndipo kura ya pili inaporudi mikononi mwako. Usiwahutubie. Vijana wakihutubiwa na mwenzao humgeuza kuwa mzaha wa juma hilo, na nisingependa ubebe jina jipya. Ngoja jina lile litamkwe, kwa maana litatamkwa, kisha wewe uwe wa kwanza kuzungumza, upesi, kabla mtu hajacheka, na useme kwa sauti ya kawaida, "Mwiteni jina lake, hili nimelichoka." Upesi huo ni muhimu kuliko ufasaha. Ukisubiri hadi watatu wawe wamecheka, maneno hayohayo yataonekana kuwa lawama kwao wote, nao wataungana kujitetea. Usitegemee pia kunyamaza, kwani ukimya katika kundi la watu wanaocheka hausikiki. Na mtu akisema tena kwamba anajidai, muulize tu, "Kakufanya nini?" Mara nyingi hukumu ya namna hiyo haina jibu la swali hilo.

Iko sababu nyingine, ya kujipenda kidogo, ambayo unaweza kuwanong'oneza kama ile ya wema haiwagusi. John Skowronski na wenzake walionyesha mwaka 1998 kwamba mtu anapomweleza mwingine kuwa ana tabia fulani, wasikilizaji hujikuta baadaye wakiihusisha tabia hiyo na msemaji mwenyewe. Anayeshinda akisema fulani ni mnafiki, yeye ndiye anayeanza kunuka unafiki kwa wasikilizaji wake, hata kama wanajua vizuri kwamba alikuwa akimzungumzia mtu mwingine.

Kama picha za jumbe zenu zimeshatoka nje ya kundi, au kama rafiki yenu ameanza kukosa masomo, mwambie mwalimu wa malezi au mzazi unayemwamini. Huko si kuchongea, kwa kuwa wakati huo jambo litakuwa limewazidi nguvu ninyi nyote, yeye akiwemo.

Utakapokwenda kwake, huenda akakujibu kwamba hana kinyongo na kisha akaendelea kukaa mbali nawe. Mwache akae. Msalimie kwa jina lake kila asubuhi, mwazime daftari akilihitaji, na akiitwa kusoma kwa sauti, wewe fuatilia kitabuni. Huenda ikachukua muhula mzima. Hao wengine wanne wakikuuliza kwa nini unajisumbua, una jibu tayari na halihitaji urefu: mwambie atakayeuliza kwamba ulicheka, na hukupaswa.